Sauti ya Kona ya Nyuma

Fundi alipojaribu maiki, kona ya nyuma ya ukumbi ilimjibu.

"Moja, mbili," alisema, kama wasemavyo mafundi wote.

"Tatu," ikasema kona.

Fundi akageuka. Alipokuwa hai, mkewe ndiye aliyesimama kule nyuma kumsikilizia, na kila mara alimtania: "Na tatu umeificha wapi, mume wangu?" Walipopata binti wakampa jina hilo hilo, Tatu. Sasa mama yuko kaburini, na mtoto alikuwa amekaa juu ya spika akichezea waya.

"Umesikia, dada?" fundi alinong'ona.

Dada yake, aliyekuwa akipanga viti, alikunja pua. "Mimi nasikia harufu ya udongo mbichi. Na kesho watu wana harusi yao hapa. Hebu likate hilo dubwana."

Kila ukumbi una sauti ambayo unaing'ang'ania hadi inavuma. Fundi huitafuta kwenye mashine ya kusawazisha sauti, akaishusha. Wenyewe husema kuikata. Alisukuma vitufe vyake vya kupanda na kushuka, kimoja kimoja. Alipogusa kimoja cha katikati, mvumo ukalainika, ukawa mkewe kabisa, na kicheko chake.

Fundi akakiacha kitufe juu. Akafumba macho.

"Tatu, njoo," sauti ikaita kutoka konani.

"Baba, mama ananiita."

"Kaka, mtoto!"

Alipofumbua macho, bintiye alikuwa ameshafika konani, anacheka, mkono umezama ukutani hadi kwenye kiwiko, na ukuta unamvuta polepole kama tope linavyovuta mguu, na harufu ya udongo imejaa kila mahali, na ndani ya spika zote ile sauti aliyoililia usiku na mchana ikimsihi, "Usinikate, mume wangu, ukinikata umenizika mara ya pili," naye, machozi yakimchuruzika, akakishusha kitufe hadi chini.

Kimya. Mtoto akaanguka sakafuni, mzima, mkono umejaa udongo.

Harusi ilifana. Wageni waliisifu sauti, wakasema imetulia kuliko siku zote.

Nyumbani, fundi alimnawisha mtoto mkono kwa mara nyingine. Udongo haukutoka.

"Baba, mama anauliza, mbona umemkata?"

"Amekuuliza lini, mwanangu?"

"Sasa hivi." Akamnyooshea kiganja hadi karibu na sikio. "Sikiliza."

Fundi alijua anapaswa kuukwepa mkono ule. Akainama, akasikiliza.