Mashudu Mengi, Maziwa Machache

Mama Pacha aliamka alfajiri kama kawaida yake. Aliosha kiwele cha ng'ombe wake, Madoa, akaanza kukamua. Maziwa yaligonga ndoo, chwi, chwi. Halafu yakakoma.

"Ndiyo basi?" alimuuliza ng'ombe. "Na chakula chote kile?"

Madoa alitikisa masikio tu.

Mama Pacha hakuelewa. Kila mtu husema mashudu ya alizeti, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, ni chakula bora. Maziwa yalipopungua, aliongeza mashudu. Alipoongeza, hali ikawa ileile. Ni kama kutia maji kwenye pakacha.

Tena banda lilinuka mkojo mkali hadi macho yakamwasha. Alifagia, akamwaga maji, akafagia tena. Wapi!

"Kuna mtu ana kijicho na ng'ombe wetu," alisema mama mkwe wake.

"Mama, kijicho hakinuki mkojo," alisema mumewe, ambaye ni seremala. "Mimi naona ni uzee."

"Uzee gani, na amezaa mara mbili tu?"

"Basi sijui."

"Hata mimi sijui, Baba Pacha. Nikimpa kidogo, maziwa kidogo. Nikimpa kingi, maziwa kidogo. Nishike lipi, niache lipi?"

Kubwa zaidi, Madoa hakushika mimba. Alipandishwa kwa mrija wa mbegu za dume, akarudia joto la kutaka dume. Akapandishwa tena, akarudia. Ng'ombe asipozaa, maziwa hukatika. Seremala akaanza kumtaja mwenye bucha. Tangu siku hiyo watoto wao pacha wakamnunia baba yao.

Mtaalamu wa mifugo, yule aliyekuwa akimpandisha Madoa, alikuja tena na pikipiki yake. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nene, na watu walimwita Daktari. Aliingia bandani, akatoka upesi akifuta macho.

"Leo sipandishi," alisema. "Kwanza niambieni, huyu anakula nini?"

"Mashudu, Daktari. Na majani mabichi ya mikunde. Anakula kuliko sisi!"

"Na pumba za mahindi?"

"Niliacha. Nilisema fedha yote iende kwenye mashudu."

"Dada yangu, tatizo ni wema wako."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Wote hawakuelewa.

"Mashudu na mikunde vina protini," Daktari alieleza. "Ndani ya protini kuna kitu kinaitwa naitrojeni. Tumboni mwa ng'ombe kuna vijidudu vizuri, visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyoitumia naitrojeni kujijenga, kisha vinakuwa chakula cha ng'ombe. Lakini vinahitaji nguvu. Nguvu hutoka kwenye pumba, molasi ya miwa na nyasi nzuri."

"Hapo umenipoteza," alisema Mama Pacha.

Daktari alimgeukia seremala. "Fundi, nikikuletea mbao lori zima, na misumari kiganja kimoja, utatengeneza meza ngapi?"

"Chache. Mbao nyingine zitakaa bure."

"Basi naitrojeni ni mbao, na nguvu ni misumari. Naitrojeni inayobaki huingia kwenye damu. Ini la ng'ombe huhangaika kuisafisha, na kazi hiyo inakula nguvu ya kutengeneza maziwa. Kisha inatoka kwenye mkojo. Hiyo ndiyo harufu inayotutoa machozi. Na ikizidi mwilini, mimba inaweza kukataa kushika."

"Kwa hiyo," Mama Pacha alisema polepole, "nipunguze chakula bora ili nipate maziwa zaidi?"

"Punguza mashudu, ongeza pumba. Changanya pamoja, usimpe kimoja asubuhi na kingine jioni. Gawa mara kadhaa kwa siku. Nyasi zisikosekane, na maji awe nayo muda wote. Na badilisha kidogo kidogo, pumba nyingi za ghafla nazo humvuruga tumbo."

"Daktari, kichwa kinaniuma."

"Kitapona. Fanya, utaona."

Mama Pacha alifanya, ingawa mkono ulisita kila aliposhika debe la mashudu. Aliona kama anamnyima mtoto. Lakini baada ya majuma machache aliingia bandani asubuhi, akavuta pumzi, akasimama. Macho hayakumwasha. Siku zilizofuata ndoo ikaanza kupanda, si kwa miujiza, ila ilipanda. Madoa alipopata joto, Daktari alimpandisha.

Miezi ikapita bila joto kurudi. Daktari alikuja, akavaa glavu ndefu, akamwingiza Madoa mkono kwa nyuma kupima mimba. Akapapasa, macho ameyafumba.

"Usininyamazie hivyo," alisema Mama Pacha.

"Ngoja... Yupo."

"Nani?"

"Ndama!"

Mama Pacha alikaa chini palepale kwenye majani makavu, akacheka huku machozi yakimtoka. Mama mkwe alipiga vigelegele. Madoa akashtuka, akaruka upande.

"Polepole jamani!" alipiga kelele Daktari. "Mkono wangu bado uko ndani!"