Aliyeiba Sauti ya Daktari

"Hiyo spika irudi sasa hivi, kabla sijaita mgambo," nesi alisema, mikono kiunoni, katikati ya barabara.

"Ita na jeshi," akajibu fundi redio, bisibisi sikioni. "Spika yako ile nimeifufua mara tatu. Nani anaiba maiti aliyemfufua mwenyewe?"

Watu wakacheka. Cherehani hakucheka. Alikuwa mshonaji, kibanda chake kikitazamana na zahanati, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake ulikwenda mbio kuliko mashine yake. Jambo likitokea mtaani bila yeye kujua, alijiona amepunjwa. Akavuka barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nesi, tulia. Uliiona mara ya mwisho saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu nimeifuta vumbi. Saa tatu na robo naja kuwasha mitambo, haipo. Na saa nne kamili daktari bingwa anatokea kwenye kioo. Anatupa nusu saa, halafu mpaka miezi mitatu ipite. Kompyuta yenyewe bubu tangu imwagikiwe maji. Bila spika tutamwona anachezesha midomo kama samaki."

Nusu saa hiyo ilikuwa ya Mama Bucha, muuza nyama wa pale kona. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na uvimbe ulikuwa unakua. Miezi mitatu mingine hakuna aliyetaka kuihesabu.

Cherehani akaingia zahanati, roho ikimdunda kwa raha ya kazi. Meza, kompyuta, kamera, mizani ya kupimia wagonjwa, dirisha la barabarani lisilo na kioo.

"Mwizi gani huyu, anaacha ng'ombe anabeba mkia? Nani walikuwepo?"

"Watatu. Fundi alileta waya. Mama wa mapacha alileta watoto kuchanjwa. Na Mama Bucha, kupimwa. Nikawaacha barazani, nikaenda kuchota maji. Saa tatu kasoro dakika kumi nimerudi."

Mama wa mapacha hakungoja kuulizwa. Alimwaga mkoba wake wote mezani: nepi, chupa mbili, soksi moja isiyo na mwenzake. "Haya, ikague hiyo soksi," akasema.

Cherehani alikuwa ameshafungua daftari la nesi. Mtu wa vipimo, macho yake yalikwenda kwenye tarakimu.

"Mama Bucha jana kilo sabini na moja. Leo sabini na tatu. Ulimpima kabla ya maji au baada?"

"Baada."

"Fundi, spika ile ina uzito gani?"

"Ina sumaku kubwa. Kilo mbili, hazipungui."

Nesi akalitazama daftari. Akalifunga taratibu.

Saa tatu na dakika arobaini na tano. Mama Bucha alikuwa kwenye benchi la barazani, kavaa sweta zito jua lote lile, amekaa wima kama aliyemeza mwiko. Siku nyingine Cherehani angelipuka mtaa mzima usikie. Safari hii akaketi ubavuni kwake, akanong'ona.

"Dada, miaka yote unatupimia nyama. Leo mizani imekupima wewe."

"Sema kwa sauti. Si ndiyo kazi yako?"

"Nataka kujua kwa nini tu."

"Mwezi uliopita dereva wa lori alikaa mbele ya kioo kile. Spika ikatangaza mpaka barabarani kwamba anakojoa kitandani. Kufika adhuhuri kisima kizima kinajua. Nani alikipelekea?"

"Mimi."

"Basi titi langu halitakuwa habari yako ya mchana. Binti yangu asingekubali nisije. Nikaona nije, halafu ishindikane."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Cherehani akainuka.

"Fundi! Una vile visikilizio vya kuvaa masikioni?"

"Ninavyo, vya mteja."

"Mteja atasubiri. Lete mbio."

Kisha akaiburuta mashine yake mwenyewe kuvuka barabara, akaiweka chini ya dirisha la zahanati, mgongo kwa ukuta, uso kwa watu waliojazana kutazama.

"Sogeeni mbali. Hapa pana sindano."

Saa nne kamili akaanza kukanyaga. Trrrr, juu ya kitambaa kisicho na kazi, nusu saa nzima, mguu ukiwaka moto. Nyuma yake bingwa alikuwa akimsemesha Mama Bucha masikioni, naye akijibu kwa sauti ndogo. Cherehani hakusikia hata neno, na hilo lilimuuma kuliko jino bovu.

Baadaye nesi alimwomba fundi radhi mbele ya wale wale waliocheka. Spika ilikuwa imerudi mezani.

"Ilikuwa wapi?" watu wakamzonga Cherehani.

"Nyuma ya kabati," akasema, na kwa mara ya kwanza habari nzuri ikamfia mdomoni.

Saa saba mchana Mama Bucha alisimama mlangoni kwake, bila sweta, mwiko mkononi.

"Wewe wa kilo mbili," akaita. "Ingia tule."

Cherehani akafika kizingitini, akasita. Hakuuliza kitu. Midomo ilimwasha, lakini hakuuliza.

"Kasema tumewahi," Mama Bucha akamwambia, macho yamelowa. "Mengine tukishakaa."

Cherehani akaingia. Na kabla ya kunawa mikono, akageuka, akaurudishia mlango mwenyewe.