Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Nyumba ile iliuzwa kwa bei ya kutupa. Wahenga walishasema rahisi ni ghali, lakini wahenga hawakuwa wakitafuta nyumba ya kupangisha.

Dereva mstaafu aliikagua na mkewe. Kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa ukuta wa chumba cha nyuma, uliokuwa na unyevu wenye umbo la mtu aliyelala ubavu. Bati halikuvuja, wala bomba halikupita pale. Muuzaji akawaambia anauza kama ilivyo, na kama wanapenda amani, chumba hicho wakifunge wasikiguse.

Dalali aliyewaleta alicheka. Mpangaji anapanga kwa macho, akasema, na chumba chenye kufuli huzaa maswali. Basi wakainunua, fundi akaubandua ukuta, akapiga plasta mpya na rangi nyeupe. Alilalamika kwamba ukuta ulikuwa ukipumua, nao wakamwona mchovu tu. Mwezi haukwisha wakapata wapangaji, kijana na mkewe mwenye mtoto mchanga, na dereva akajipongeza.

Siku hiyohiyo walipohamia, nyumba ya dereva mwenyewe, isiyokuwa hata na ufa, ilianza kunuka chokaa mbichi. Harufu ilitoka chumbani kwa binti yao, aliyezaliwa na pumu na ambaye kifua chake walikilinda kama yai. Mkewe alisogeza kitanda, akakuta nyuma yake unyevu umepanda ukutani, na umbo lilikuwa lilelile, ubavu uleule, ila sasa uso ulikuwa umegeukia kitandani.

Mganga alikuja mchana. Aliweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi, akamvuta dereva hadi mlangoni, mkewe akiwa amebaki ndani na mtoto.

"Huyu jini hukaa palipoharibika," alinong'ona. "Kule mlitengeneza ukuta, mkamfukuza. Kabomoe ule ukuta, arudi kwake. Hapa msiguse. Mkipatengeneza hapa, ataingia kibovu kingine kilichobaki humu ndani."

Dereva hakumweleza mkewe. Aliona hofu aliyonayo inamtosha. Alichukua nyundo, akaondoka.

Kule, mke wa mpangaji alimkaribisha hadi chumba cha nyuma bila kuuliza nyundo ni ya nini. Mtoto mchanga alikuwa amelazwa chini ya ukuta ule mweupe, ngumi zake zimekunjwa.

"Baba mwenye nyumba, Mungu akubariki," alisema kwa sauti ya chini. "Tulikotoka alikuwa anakohoa usiku kucha. Humu analala."

Dereva alisimama. Nyundo ilimlemea. Alimfikiria binti yake, akamtazama huyu wa watu, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani kuwa mtu mbaya, hakuweza. Akaaga.

Njiani alijiambia watahama, watalala hata barazani, ili mradi ukuta wa nyumbani ubaki na jini wake, na alikuwa bado akijiambia hivyo alipomwona fundi akitoka getini kwake na ndoo yake, suruali imejaa chokaa, akimwambia pole kwa mgonjwa, naye akampita mbio hadi ndani.

Mkewe alikuwa ameketi sakafuni, uso umemng'aa kwa nafuu.

"Nimeshindwa kukusubiri, mume wangu. Nimemwita fundi. Tazama, pamekauka kabisa."

Ukuta ulikuwa safi, mweupe, hauna hata doa. Binti yao alikuwa amelala kitandani, amegeukia ubavu uleule.

Akakohoa.

Harufu ya chokaa mbichi ikajaa chumba kizima, ikitoka kinywani mwake.