Kicheko Kinachotangulia

Haya yalimpata Eulalie, rafiki yangu anayeuza vitenge mtaa wa Muhumba. Siku ambazo wateja hawaonekani, yeye na mwenzake Merveille walikuwa wanainamia simu moja, wanaangalia video za kuchekesha. Merveille alikuwa na ubaya mmoja: video zote ameshaziona nyumbani, basi anacheka kabla mtu hajaanguka. "Ngoja kwanza, maman, utaona!" Eulalie alikuwa anakasirika kweli.

Merveille tulimzika mwezi wa nne. Tangu hapo Eulalie anaangalia peke yake, sauti ameizima, kwa heshima ya kilio.

Mchana mmoja alikuwa depo, nyuma ya duka, akipanga vitenge, umeme ukakatika. Akaketi gizani kuungojea, akafungua video mpya: mwanaume anapanda kiti cha plastiki, anafunga pazia. Kiti bado kimetulia, kicheko kikatoka nyuma ya marobota. Kisha mwanaume akaanguka.

Eulalie hakukimbia. Machozi yalimtoka kwa hamu ya rafiki yake.

"Cheka tena, Merveille. Sitakasirika."

Akafungua nyingine. Kicheko kikatangulia tena, kilekile, cha kukosa pumzi.

Ndipo simu ikatetemeka. Video ilikuwa imeingia kutoka simu ya binti yake Gloire. Kwenye picha ya mwanzo, kabla video haijafunguliwa, Gloire anaonekana akicheza juu ya mawe, kando ya ziwa. Eulalie akanyanyua kidole aifungue.

Nyuma ya marobota kicheko kikakatika, na Merveille akaanza kulia.