Prosesa Mbili na Mtumbwi Mmoja

Kila alasiri akitoka shule, Mwanamina hupitia ofisini kwa mama yake mdogo, Rukaya, pale Kibiti. Mle ndani kompyuta nyingi zimeunganishwa zifanye kazi kama moja. Hupiga hesabu za mto: maji yakizidi kutoka bara, yatafika wapi deltani, na lini. Wakulima wa mpunga hupelekewa habari mapema, wavune kabla ya mafuriko. Mama yake Mwanamina ni mmoja wao.

Jumatatu hiyo alifika akiburuta miguu. Jana yake alishinda bondeni juu ya dungu, kibanda cha kulindia shamba, akiamia ndege wasimalize mpunga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona umelegea kama mlenda uliolala?"

Binamu yake Dadi, aliyekaa kando, akacheka. Rukaya hakucheka, naye alikuwa hoi. Aliazimwa prosesa mbili, yaani bongo za kompyuta, azijaribu, na jioni hiyo alitakiwa kuchagua moja. Ya kwanza ilikuwa na viini vingi vya kupigia hesabu. Ya pili ilikuwa na viini vichache, lakini njia yake ya kwendea kwenye memori, inakokaa ramani, ilikuwa pana.

"Zipime zote kwa ramani ya delta nzima," alisema. "Naingia kikaoni."

Ramani nzima huchukua muda mrefu, na kope za Mwanamina zilikuwa nzito. Akapima kwa ramani ya kijito kimoja tu. Rukaya aliporudi, akamwambia, "Ya viini vingi imeshinda."

"Si nilisema?" Dadi akadakia. "Watu wengi, kazi upesi!"

Maneno hayo yalimchoma Mwanamina. Jana, kutoka dunguni, aliona shambani kwa jirani yao Mzee Mfaume wavunaji walikuwa wengi, lakini mtumbwi wa kuvusha mpunga ulikuwa mmoja. Nusu yao walikaa wakitafuna miwa, wakingoja urudi. Hata wangeongezwa wengine, wangeongezeka watafuna miwa tu.

Rukaya alikwisha kushika simu atoe jibu.

"Mama mdogo, ngoja! Sikupima delta nzima. Nimepima kijito kimoja. Nilichoka."

Rukaya akaweka simu, akajifikicha macho. "Haya. Tuanze upya."

Safari hii prosesa ya viini vingi ilianza kwa mbwembwe, kisha ikakwama. Viini vyake vilingoja zamu ya kuvuta ramani kwenye memori. Mwanamina akawasimulia wavunaji waliotafuna miwa wakingoja mtumbwi mmoja. Ile ya pili ikamaliza, ya kwanza haijafika hata nusu.

"Kumbe vinatafuna miwa," Dadi akanong'ona.

Rukaya akapiga simu, akachagua ya pili. Kisha akamgeukia Mwanamina.

"Kijito ni kidogo, njia nyembamba ilikitosha. Kwa delta nzima, tungechagua ile ya kwanza, maji yangemfikia mama yako kabla ya habari zetu. Kuchoka si dhambi, mwanangu; hata mimi nimechoka. Ukichoka niambie, nitangoja. Ila usinipe jibu la kazi usiyoifanya."

Akamkunjia kanga juu ya meza. "Sasa laza kichwa. Nitakuamsha tukienda."