Zuena na Maji ya Mkonge

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Zuena binti Mhina aliteka maji mtoni pamoja na wasichana wenzake wa kijiji kimoja karibu na Korogwe. Zama hizo Mjerumani alikuwa amefyeka pori la jirani na kupanda mkonge, na baba yake Zuena alikuwa mkata mkonge huko.

Zuena alikuwa na miaka kumi na mitatu, na uso wake ulijaa chunusi tangu paji hadi kidevu. Alizipaka mafuta ya mbarika asubuhi na jioni ili zilainike. Wapi! Kila akipaka, nyingine zinachomoza. Vidole navyo havikutulia. Akikaa kidogo tu, anatumbua.

Siku moja Swaumu, jirani yake, alitua mtungi akasema kwa sauti, "Zuena, mtama umekuota usoni. Tutavuna lini?"

Wasichana walicheka hadi maji yakamwagika. Tangu hapo jina lake likawa Mtama, hata kwa watoto wadogo. Zuena aliona aibu, akawa anakwenda mtoni peke yake na kuinama akisema na watu. Lakini usimdhanie mpole. Moyo wake ulikuwa unatokota. Harusi ya binamu yake, aliyeposwa na kijana wa Misima upande wa Handeni, ilikuwa imekaribia, na Swaumu ndiye aliyechaguliwa kuongoza ngoma mbele ya wageni.

"Aongoze," alijiambia. "Tuone uso atauficha wapi."

Alijua la kufanya. Baba yake alirudi kazini kila siku mikono imevimba kwa upele, kwa sababu maji ya jani bichi la mkonge huchoma ngozi. Asubuhi ya harusi Zuena alichukua jani, akalitwanga, akalikamua katika kibuyu. Kisha akanyemelea hadi uani kwa kina Swaumu na kuyamimina yote katika chungu cha maji ya kunawia.

Alirudi nyumbani roho kwatu, akaketi kungoja kilio cha Swaumu. Katika kungoja huko, vidole vikaenda kidevuni, vikapanda shavuni, vikatumbua moja baada ya nyingine. Mikono hakuwa ameinawa.

Uso ukamuwaka moto. Kope zikavimba. Mama yake alitoka mbio, akammwagia maji mengi.

"Umeshika nini wewe?"

"Mkonge, mama."

"Mkonge wa nini, siku ya harusi?"

Ng'ambo ya ua, mama yake Swaumu alikuwa akimwita binti yake akanawe. Kwa kweli, sasa Zuena alitamani Swaumu aungue mara mbili ya alivyoungua yeye. Lakini jicho lake moja lilikuwa halifunguki, naye alikuwa ameguswa na matone tu. Kule kulikuwa na chungu kizima.

Alikimbia. Alipita katikati ya wageni uso wazi, mwekundu, umevimba, akamkuta Swaumu ameshika kata ya maji. Akakipiga teke kile chungu, maji yote yakamwagika.

"Usinawe. Nimetia maji ya mkonge."

"Mimi? Kwa nini?"

"Kwa sababu ya Mtama."

Swaumu alimtazama. Safari hii hakucheka. "Sikujua kama inakuuma hivyo."

"Ulijua," Zuena alisema.

Swaumu akainamisha kichwa. "Nilijua. Nisamehe."

"Nami nisamehe."

Mama yake Zuena alikuwa amefika, akawaketisha wote wawili. "Zuena, mafuta uache, na vidole viache uso. Nawa maji safi asubuhi na jioni, ujikaushe taratibu. Chunusi ni za umri, hata mimi zilinitoka. Zitapungua, ila si kwa siku moja." Na kweli, baada ya miezi kadhaa zilipungua, yakabaki makovu machache.

Siku ile, mama alipomaliza na Zuena, akamgeukia Swaumu. "Mwenzako hakuuomba uso huo. Maneno yako ndiyo yaliyomfikisha kwenye mkonge."

Zuena alipoanza kutabasamu, mama akamkazia macho. "Wewe usicheke. Ukiumizwa, njoo useme, sisi wakubwa tupo. Chunusi zako zitaondoka. Macho ya Swaumu yangeondoka, ungemrudishia nini?"