Vikapu Visivyonuka Moshi

Kila alasiri Nhai akitoka shule hula bakuli lake la wali, kisha huketi na bibi yake kusuka vikapu vya henzerani. Kijijini kwetu, hapa kaskazini mwa Vietnam, kikapu hakiuzwi mpaka kifukizwe kwa moshi wa mabua ya mpunga. Hapo ndipo kinapopata ile rangi ya kahawia tunayoringia, na tuna haki ya kuringa.

Mwaka mmoja Marekani na China zilivutana kibiashara, na Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za China. Wanunuzi wa Kimarekani waliozoea kwenda China wakaanza kubisha hodi kwetu. Mama yake Nhai, Bi Lua, akapata oda kubwa ajabu. Lakini siku ya meli ilikaribia na nusu ya vikapu haikuwa imesukwa. Akichelewa, mteja angekwenda kwingine.

Ndipo Mjomba Khoat alipoleta lori la vikapu kutoka China, ng'ambo ya mpaka. Akampa Nhai vibandiko vilivyoandikwa "Kimetengenezwa Vietnam", avibandike. Nhai akakinusa kikapu cha kwanza, kama alivyozoea kunusa vya nyumbani. Kilinuka rangi ya kopo. Akaviweka vibandiko chini.

"Vipi, mikono imekufa ganzi?" mjomba akamtania.

"Hapana, mjomba. Ila hivi si vyetu."

"Mmarekani atajuaje? Pua yake iko mbali."

"Mimi ninajua," Nhai alijibu.

Bi Lua alikuwa mlangoni, akasikia yote. Uso ulimshuka kwa aibu, maana yeye ndiye aliyekubali lori lile lije. Akamwomba kaka yake aurudishe mzigo, kisha akampigia simu mnunuzi na kumweleza ukweli. Mnunuzi alinung'unika, lakini akakubali nusu ya pili ije na meli nyingine. Alisema muuzaji mmoja alikwisha kumponza kwa vibandiko vya uongo, mzigo wote ukashikwa forodhani.

Majirani wakaja na visu vyao kusaidia kuchonga henzerani. Hata Mjomba Khoat alirudi kuchochea mabua, macho yakimtoka machozi kwa moshi.

Kikapu cha mwisho kilipotoka kwenye moshi, bibi alimkabidhi Nhai kingali na joto.

"Ugomvi wa wakubwa umetuletea mteja, mjukuu wangu," alisema. "Kesho wakipatana, ataweza kwenda anakotaka. Kitakachomrudisha hapa ni kazi yetu na ukweli wetu. Haya, sasa bandika."

Nhai akabandika, akahakikisha jina la nchi yake limenyooka.